Sindano Isiyo na Dawa

Machi 8, Jumatatu

Daftari hili lilikuwa la kuandikia joto la jokofu, asubuhi na jioni. Limeletwa jipya, nikalichukua hili. Nina maneno ambayo nikiyasema nyumbani mume wangu husinzia kabla sijafika katikati, na nikiyasema kazini hufika ofisini kwa Metroni kabla yangu. Heri karatasi.

Chanjo ya ugonjwa huu mpya imefika leo. Mvua nayo imeanza leo. Chumba changu cha chanjo kinavuja pale pale pa mwaka jana, juu ya kitanda cha wagonjwa, na ile harufu ya godoro bichi imerudi kama mgeni asiyejua kuaga. Metroni alitukusanya uwanjani, akasema sisi watumishi wa afya ndio wa kwanza, tuwe mfano kwa wananchi. Tulipiga makofi. Kisha nikakaa chumbani kwangu kuanzia saa tatu hadi saa tisa nikiwasubiri hao wa mfano.

Alikuja mmoja. Mtu wa maabara, tunayemwita Miwani. Simpendi. Anatafuna kitu saa zote na huanza kuongea kabla hajameza. Alikunja mkono wa shati, akaniambia nisimtazame hivyo, ni sindano tu. Nikamchoma. Kichupa kikishafunguliwa kina saa sita tu, na kina dozi kumi. Tisa nimezitupa.

Machi 9, Jumanne

Miwani yuko hai. Mvua.

Machi 11, Alhamisi

Bado yuko hai. Namtazama kama mtu anayetazama maziwa jikoni. Leo nimemkuta anakula karanga juu ya hadubini, maganda yametapakaa mpaka kwenye vikombe vya choo vya wagonjwa. Nikarudi zangu.

Niandike ukweli, maana hakuna anayesoma humu. Mimi ndiye nesi wa chanjo na mimi mwenyewe sijachanjwa. Semina ya chanjo ilikuwa ya siku tatu. Siku ya kwanza nilichelewa, ya pili nilisinzia, ya tatu tulipiga picha na kugawiwa vyeti. Cheti changu kipo ukutani, kimeshaanza kuota ukungu.

Machi 15, Jumatatu

Metroni aliniita ofisini, akafunga mlango. Kesho wanakuja wakubwa wa wilaya pamoja na mpiga picha. Yeye atachanjwa mbele ya watu, picha ibandikwe getini. Nikamwambia ni jambo jema. Akazungusha pete kidoleni.

"Bomba liwe tupu," akasema. "Hakuna atakayejua ila mimi na wewe."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akarudia polepole, kama anayemweleza mtoto. Mama huyu ana miaka thelathini kazini. Ndiye aliyenifundisha kumshika mtoto mchanga, ndiye aliyenisimamia nilipofiwa na mama yangu. Ningemwambia nini? Nikasema sawa, Metroni.

Machi 16, Jumanne

Nimemchoma sindano isiyo na dawa. Alitabasamu vizuri sana. Tabibu wetu wa kliniki alikuwa amesimama nyuma yangu na kijiti chake cha meno mdomoni, akapiga makofi kuliko wote. Nilinawa mikono mara tatu kama niliyeshika kidonda.

Machi 17, Jumatano

Sikulala vizuri. Nimewaza hivi: mtu wa miaka thelathini kazini hawezi kuogopa bure. Ana jambo analolijua ambalo sisi wadogo hatujaambiwa. Na tabibu naye hivyo hivyo. Kliniki anawaambia wagonjwa wachanjwe haraka, na kwenye chumba cha chai anasema yeye mwili wake si uwanja wa majaribio. Wanacheka wote. Mimi nacheka nao, chai ikinipita vibaya.

Machi 24, Jumatano

Picha imebandikwa getini. Kubwa kuliko mlango. Mkono wangu unaonekana, sura yangu haionekani.

Leo ndiyo mara ya kwanza Mama Dobi kuniuliza. Huyu ndiye anayefua mashuka ya hospitali nzima. Mashine iliharibika kabla ya mwaka kwisha, sasa anafua kwa mikono kwenye beseni za saruji nyuma ya jiko, pamoja na mashuka ya wodi ya waliotengwa, yenye matapishi na makohozi. Glavu zake zimetoboka vidole viwili. Nimepita pale mara ngapi nikiwa nimeziba pua? Harufu ya beseni zile hukaa kooni mpaka jioni. Yeye hukaa nayo kutwa na bado huimba.

Alikuja mlangoni, akapangusa mikono kwenye kanga, akasema ameona picha ya Metroni.

"Mwanangu, na mimi nichomwe?"

Kichupa kilikuwa wazi, na dozi zilikuwamo. Niliangalia mkono wake, ngozi imekunjamana kwa sabuni, nikaona mkono wangu mwenyewe ulivyoshika bomba tupu. Nikasema moyoni, kama Metroni kakwepa, nitamchoma vipi mama wa watu?

"Subiri kidogo, mama," nikamwambia. "Tuone kwanza."

Akanishukuru. Alisema alijua sitamficha.

Machi 25, Alhamisi

Nimemwaga dozi saba. Mvua haijakatika.

Aprili 1, Alhamisi

Tabibu ameleta kadi ya chanjo mpya, tupu, anataka nimgongee muhuri. Kuna semina mjini na asiye na kadi haingii. Nikamwambia akae kwenye kiti nimchome kwanza. Alicheka, kijiti kikahama kutoka kona moja ya mdomo hadi nyingine. Akasema, "Sista, wewe si mtu wa kunichoma mimi. Wewe ni mtu wa kunisitiri." Akaegemea meza yangu na kuniambia kwa sauti ndogo kuwa alikuwa karibu siku ya picha, na macho yake ni mazima.

Niligonga muhuri.

Ili hesabu isipishane na vichupa, dozi yake nikaimwaga kwenye sinki. Ile dawa haina rangi wala harufu. Ningetamani inuke.

Aprili 6, Jumanne

Kumbe mlango ukifunguliwa kwa mmoja umefunguliwa kwa ukoo. Tangu Ijumaa nimegonga mihuri kumi na moja. Mtu wa eksirei, wawili wa wodi ya wanaume, mpokea wagonjwa, hata yule anayefundisha akina mama umuhimu wa chanjo za watoto. Wanaingia wakitabasamu, wanatoka wakiniita dada yao wa damu. Sinki langu limechanjwa kuliko mtu yeyote hospitali hii.

Nawachukia. Nawaona wanavyokula mchana, midomo inavyong'aa mafuta, nasukuma sahani yangu pembeni.

Aprili 7, Jumatano

Mama Dobi kaja tena. Ameninyooshea sare yangu bila kuombwa, kola imesimama kama ya bwana harusi. Akauliza kama tumeshaona. Nikasema bado kidogo. Nilitaka aondoke upesi.

Aprili 12, Jumatatu

Wodi ya waliotengwa imejaa. Wengine wamelazwa kwenye korido, katikati yao ndoo za kukingia maji ya paa. Ukitembea unasikia vitu viwili tu: matone na kukohoa. Mitungi ya oksijeni inabebwa kwa toroli ya jikoni. Watu wa mihuri wote wamevaa barakoa mbili mbili sasa, na Metroni hakanyagi kule. Anatuma ujumbe.

Aprili 14, Jumatano

Leo nimeamua kuuliza. Nilimfuata Metroni ofisini, nikafunga mlango mimi mwenyewe safari hii, nikamwambia kwa heshima zote kwamba nataka kujua analolijua. Watu wanalazwa. Kama hii chanjo ina ubaya, aniambie, niache kuwachoma wananchi. Kama haina, aniambie pia.

Nilidhani atafungua droo atoe waraka wa siri. Alitoa simu. Akabonyeza, ikatoka sauti ya mwanamume anayejiita daktari bingwa, anaongea haraka haraka: chanjo inaganda damu za watu wote, inafunga vizazi, mataifa makubwa yamekubaliana. Dakika nne. Katikati, nyuma ya huyo bingwa, jogoo aliwika. Mara mbili.

Nikauliza kaitoa wapi. Akasema katumiwa na shemeji yake, fundi wa majokofu, mtu makini sana.

"Hicho tu, Metroni?"

"Na tabibu naye hajachanjwa," akasema. "Yule kasoma. Nikaona kama msomi anakwepa, mimi ni nani?"

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa tabibu. Nikamuuliza yeye alisoma wapi hayo ya mwili si uwanja wa majaribio. Alijizungusha kwenye kiti, akatania, akaona sicheki. Mwishoni akasema hana muda wa kusoma makaratasi, wagonjwa hamsini kwa siku, nani anasoma? Ila aliona kwa macho yake sindano ya Metroni ikiwa tupu, akajiambia yule mama wa miaka thelathini kazini ana jambo lake. Na tena, akasema, hata wewe nesi wa chanjo hujachanjwa, kila mtu hapa anajua. Tulikuwa tunakuangalia wewe.

Ndiyo basi. Metroni anamtazama tabibu, tabibu anamtazama Metroni, wote wananitazama mimi, na mimi nawatazama wao. Hospitali nzima imesimama duara kila mtu kashika nguo ya mwenzake, na katikati hakuna kitu, ni jogoo anawika.

Nyani haoni kundule. Mwezi mzima nimejaza kurasa hizi kwa uchafu wa wenzangu.

Aprili 15, Alhamisi

Nilikwenda maabara. Miwani alikuwa anatafuna. Nikamwomba anieleze habari ya chanjo kama anavyomweleza mtu asiyejua kitu, kwa sababu sijui kitu. Hakunicheka. Aliuliza kama nina ile karatasi inayokuja ndani ya boksi.

Nilikuwa nazo nyingi. Nimezikunja na kuzipachika chini ya mguu wa meza yangu usiyumbe.

Tulizichomoa, tukakaa nazo saa nzima, tukasoma mstari kwa mstari. Alinieleza kwamba hilo la damu kuganda si hadithi tupu, limeonekana kwa watu wachache sana, na ndiyo maana tunaambiwa dalili za kuangalia. Ugonjwa wenyewe hugandisha damu za wengi zaidi, na wodi ile pale, niende nikahesabu mwenyewe. La vizazi hakuna aliyelithibitisha. Aliyechanjwa anaweza bado kuumwa, akasema, lakini wengi wao hawafiki kwenye mtungi. Hakupamba neno. Lililokuwa na shaka alisema lina shaka.

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia.

"Niliwaambia mwezi mzima, Sista, kwenye chai pale. Mlikuwa mnaangalia ninavyotafuna."

Aprili 16, Ijumaa

Nimekwenda beseni za kufulia asubuhi na mapema kumwita Mama Dobi nimchome. Mashuka yamerundikana, mvua inayanyeshea, maji yake yamekuwa ya kijani. Mpishi akasema mama hajaja tangu juzi. Homa.

Aprili 19, Jumatatu

Ameletwa. Binti yake, msusi, alimbeba mgongoni kutoka barabarani kwa sababu njia imekatika kwa maji. Nilimpokea mimi. Alikuwa anahema kama aliyepanda mlima, na bado akaona kola yangu imelala, akanyoosha mkono aisimamishe.

Kitanda kimepatikana korido, kati ya ndoo mbili.

Aprili 20, Jumanne

Mtungi wake wa pili.

Aprili 21, Jumatano

Nilikaa naye baada ya zamu. Shuka alilolalia lilikuwa na doa la zamani ambalo lazima aliwahi kulifikicha kwa mikono yake. Nikawa nachezea mpira wa oksijeni kana kwamba unahitaji kuwekwa sawa. Akasogeza kinyago kidogo.

"Nilisubiri, mwanangu. Ulisema tuone." Akavuta pumzi tatu, nne. "Tumeona?"

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anauliza kweli, kama anavyouliza mtu kama maji yamechemka. Nikamrudishia kinyago usoni. Nikamwambia apumzike asiongee. Hilo ndilo jibu nililompa.

Aprili 23, Ijumaa

Amefariki saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika kwa mara ya kwanza wiki hii.

Aprili 26, Jumatatu

Kwenye mkutano wa asubuhi Metroni alitutaka tusimame tumkumbuke. Alisema marehemu alikuwa mchapakazi. Kisha akasema, nanukuu maana sitasahau: "Kwa bahati mbaya mwenzetu alihimizwa achanjwe akakataa. Elimu ndogo ni msiba." Tabibu akatikisa kichwa kwa huzuni, kijiti mdomoni. Wale wenye mihuri yangu wakaguna kwa masikitiko. Mmoja akasema watu wa chini ni wagumu kuelewa.

Nilitoka nikatapika nyuma ya jiko, pale kwenye beseni. Si maneno ya kitabu, nilitapika kweli, uji wote wa asubuhi. Na sikurudi ndani kusema kitu. Nilisuuza mdomo nikaenda kufungua jokofu.

Nimeandika hayo nikiwa na kinyaa na watu wale, lakini aliyemwambia asubiri si Metroni.

Aprili 28, Jumatano

Nimesema.

Nilinyoosha mkono baada ya taarifa ya zamu. Nikasema Mama Dobi hakukataa chanjo. Alikuja kwangu mara mbili, kwa miguu yake, akaomba, na mimi ndiye niliyemwambia asubiri. Nikasema nani ajuaye, pengine angechanjwa na bado angekufa, lakini nafasi yake niliichukua mimi mikononi mwangu nikaitupa kwenye sinki. Nikasema sindano ya kwenye picha ilikuwa tupu. Nikasema kadi kumi na mbili zina mihuri ya uongo na mgonga muhuri ni mimi. Majina sikuyataja. Hakukuwa na haja, nyuso zilijitaja.

Metroni akasema nimechoka, nipewe likizo. Tabibu akasema msiba umenivuruga akili. Miwani alikuwa amekaa mwisho kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa anatafuna. Alisema kwamba Sista hajavurugwa, na asiyeamini aende kusoma karatasi, zipo mezani kwa Sista, zina alama ya mguu wa meza.

Nimepewa barua ya kujieleza ndani ya siku saba. Wafagizi walikuwa wamesimama mlangoni wamesikia yote. Nilidhani sasa hakuna atakayekuja tena. Saa tano alikuja nesi wa uzazi, mmoja wa wale kumi na wawili. Akaweka kadi yake mezani, akaichana yeye mwenyewe vipande viwili, akakunja mkono wa gauni bila kunitazama. Nilipomaliza nikampa bomba lingine, nikakaa kwenye kiti alichoinuka. Alinichoma vizuri. Inauma kidogo, kama kufinywa.

Mchana walikuja wafagizi sita. Metroni hakuja, na tabibu hakuja.

Aprili 29, Alhamisi

Homa kidogo, bega zito. Karatasi ilisema hivyo.

Mei 3, Jumatatu

Picha ya getini imetolewa. Hakuna anayesema nani kaitoa. Barua yangu nimeijibu kurasa nne, bila kujipunguzia. Huenda nikaondolewa chumba hiki. Nimemwonyesha nesi wa uzazi namna ya kusoma joto la jokofu, asije akababaishwa.

Mei 4, Jumanne

Binti wa Mama Dobi, yule msusi, alikuja kuchukua vitu vya mama yake: ndala, kanga mbili, redio ndogo. Nilimsindikiza hadi beseni kwa sababu hakuna mwingine aliyejitolea. Alikusanya taratibu. Kisha akaniuliza kama mimi ndiye nesi wa chanjo.

Nikasema ndiyo.

Akasema mama yake alikuwa akinitaja nyumbani. Kwamba hospitali nzima wanamwambia fanya hivi fanya vile, ila kuna binti mmoja ana huruma, alimwambia asiharakishe, wangoje waone. Alikuwa anasema hayo akikunja kanga, kwa upole, anadhani ananipa zawadi.

Ningeweza kunyamaza. Nathubutu kuandika kwamba nilitamani. Lakini nilimweleza yote pale pale, tumesimama kwenye sakafu yenye utelezi wa sabuni: picha, bomba, jogoo, karatasi chini ya meza. Nikamwambia haikuwa huruma. Ilikuwa kutojua, na uvivu wa kutafuta kujua, nikiwa nimevaa sare iliyonyooshwa na mama yake.

Hakulia. Alikaa kwenye ukingo wa beseni na redio mapajani. Nilisubiri anitukane. Nilitaka anitukane.

Akauliza, "Sasa mimi nichomwe au nisichomwe?"

Nikamweleza kama Miwani alivyonieleza, yanayojulikana na yasiyojulikana, madogo na makubwa. Aliuliza maswali mawili ya maana kuliko yote niliyowahi kuulizwa na wenzangu. Nikayajibu, moja nikasema sijui na nikamwambia nani anajua.

"Nitachomwa leo," akasema, akainuka. "Lakini si kwa mkono wako."

Nikasema sawa. Nilimpeleka chumbani, nikamwita nesi wa uzazi, nikatoka nikarudisha mlango, nikasimama koridoni kama ndugu wa mgonjwa.